Kuku anayeatamia katikati ya kundi: kisa cha banda moja la uani Kibaha

Kisa hiki ni cha banda la uani kwa shangazi yangu Kibaha, mkoa wa Pwani, na nakieleza chote kwa kirefu maana kinawatokea watu kibao wanaofuga kuku kumi, kumi na tano hapo nyumbani: kuku anaatamia, siku zinafika, wanatoka vifaranga wawili watatu, mayai mengine yananuka, basi lawama zote zinamwangukia kuku mwenyewe, oh huyu hajui kulalia, anaishia kwenye sufuria. Na kuku kazi yake aliifanya vizuri tu. Mimi nasema mapema kabisa, kwenye banda lenye kundi ukitaka kujua kwanini mayai yameharibika waangalie kwanza wale kuku wengine, huyo anayeatamia mwangalie mwisho.

Hali ya banda ilikuwa hivi. Shangazi ana majike 11 na jogoo 1. Majike wanne ni kienyeji wa kawaida, waliobaki saba ni chotara, Kuroiler na Sasso, aliwanunua wakiwa wa mwezi mmoja. Banda ni la mabanzi na waya, ndani kuna viota vitatu, ndoo za lita 20 zimekatwa ubavuni zikalazwa zikawekwa nyasi kavu. Hao chotara wanataga vizuri ila kuatamia sahau, mbegu zao zimechaguliwa kwa ajili ya mayai na nyama, na kuku anayeatamia hatagi, kwahiyo tabia hiyo imepunguzwa sana kwao. Sasa jumlisha: kuna kuku mmoja anataka kulalia, na kuna wenzake kumi wanatafuta pa kutagia karibu kila siku, kwenye ndoo zilezile tatu. Na kuku wana tabia moja, wanapenda kutaga pale ambapo tayari pana mayai, na pakiwa na mwenzao amekaa ndo kabisa wanaona pako salama, wanapanda juu yake, wanajisukuma, wanataga, wanashuka zao wakitetea.

Aliyeatamia ni tetea mweusi wa kienyeji mwenye shungi, shangazi anamwita Kishungi. Raundi ya kwanza ilikuwa wakati wa masika. Kishungi akaanza kulalia kwenye ndoo ya katikati, shangazi akamuongezea mayai ya wenzake yakafika 12, hayakuwekwa alama yoyote, akaachwa hapohapo na kundi lote. Siku ya 21 wakatoka vifaranga wawili, kesho yake wawili tena, siku iliyofuata Kishungi akashuka nao chini akaanza kuwachakurulia, kwenye ndoo hakurudi tena. Shangazi kuchungulia akakuta mayai 16. Yaani aliweka 12, yametotolewa manne, halafu yamebaki 16.

Akanipigia simu, "Mwanangu huyu kuku nimchinje au nimuuze?" Nikamwambia shikamoo shangazi, usimchinje, na hayo mayai usiyatupe, nakuja tuyafungue moja moja.

Kufungua mayai yaliyobaki watu wengi hawafanyi kwasababu ya harufu, mimi naona ndo kipimo chenye ukweli kuliko vyote kwa mfugaji asiye na mashine wala maabara. Moja lilishapasuka lenyewe ndani ya ndoo, limewachafua mengine. Yale 15 tukayapeleka nyuma ya choo, tukasimama upande upepo unakotokea, tukayapasua kwa kijiko upande ule butu wenye nafasi ya hewa. Matatu hayakuwa na kitu, kiini na ute tu vimelegea. Matano yalikuwa na vifaranga wadogo mno, wa siku chache, ukiangalia unaona jicho jeusi na damu kidogo basi. Manne yalikuwa na waliofika katikati, miguu ipo, mdomo upo, manyoya bado. Matatu ya mwisho walikuwa kamili, manyoya yote, mmoja alishatoboa ile ngozi ya ndani na mdomo ulikuwa kwenye nafasi ya hewa, bado kugonga gamba tu. Shangazi aliyaangalia hayo matatu akanyamaza kwa muda, akasema hawa walikuwa kesho au keshokutwa. Kweli kabisa, walikuwa kesho au keshokutwa.

Sasa tuyasome. Hao wadogo wa siku chache hawawezi kuwa wa mayai yale 12 ya mwanzo, hata kidogo, hao ni mayai ambayo wenzake waliyataga juu yake wiki ya tatu, yakapata joto yakaanza kukua, mama alipoondoka yakafa. Hapo ndo unaona yale yaliyoongezeka yalikotoka. Na hasara yake haiko kwenye hayo yaliyoongezeka peke yake, hasara kubwa iko kwa yale ya mwanzo. Kuku wa kienyeji wa mwili wa Kishungi anafunika vizuri mayai kumi, kumi na mbili, tena ya kienyeji ambayo ni madogo, kama gramu 40 hivi. Mayai ya chotara ni makubwa zaidi. Ukifika 20 chini yake yapo ambayo muda wote yako ukingoni, nusu nje, yanapoa. Na kuku hayaachi palepale, anayageuza mara nyingi kwa siku, la ukingoni analivuta katikati na la katikati linasogea ukingoni, kwahiyo baridi hailipati yai moja tu likafa likaisha, inazunguka kwa yote kwa zamu. Ndo maana unakuta wengi wamefia katikati ya safari.

Kuna jambo lingine shangazi alilisema kama la kawaida tu, kwamba asubuhi moja alimkuta Kishungi amekaa ndoo ya pembeni, chini yake kuna yai moja, na mayai yake yote yako peke yake ndoo ya katikati yamepoa. Hili linawachanganya watu. Kuku anakumbuka mahali zaidi kuliko anavyoyatambua mayai yenyewe. Akishuka kula akirudi akakuta mwenzake amekaa kwenye ndoo yake anataga, hagombani sana, anaingia ndoo ya jirani inayofanana, akihisi yai chini ya tumbo basi kwake mambo yako sawa, anaendelea. Mayai yakikosa mama dakika ishirini au nusu saa hayana shida, hata yeye mwenyewe akishuka anatumia muda huohuo, ila usiku mzima ni habari nyingine.

Na wale watatu kamili? Hao waliuawa na tarehe. Mayai yaliyoanza kulaliwa siku tofauti yanatotoka siku tofauti, na mama hasubiri. Kifaranga akitotoka anaweza kukaa siku mbili bila kula wala kunywa kwasababu anaingia duniani na mabaki ya kiini tumboni, huo ndo muda mama alionao wa kuwasubiri waliochelewa. Ukiisha anaamka na walio hai anawapeleka kwenye chakula. Anachagua waliotoka, na yuko sahihi.

Kwahiyo hukumu ya raundi ya kwanza, Kishungi hana kosa. Alikaa siku zote 21, aligeuza, alitotoa kwenye mazingira ambayo mimi nashangaa hata hao wanne walipatikanaje.

Raundi ya pili ilianza mwezi wa saba, kipindi cha kipupwe, Kishungi alipomaliza kutaga tena akaanza dalili. Tulikubaliana kabla na shangazi kwamba safari hii anatengwa mapema na baadae anarudishwa mapema, na hiyo ya kurudishwa mapema ndo watu wanaikosea zaidi, nitaifikia.

Kwanza hakikisha kama kweli anaatamia. Kuku kukaa kwenye kiota mchana siyo dalili tosha, anaweza kuwa anataga tu taratibu. Nenda saa tatu usiku na tochi, wenzake wote wako juu kwenye vichanja, yeye ukimkuta kwenye ndoo amejitandaza ametuna, ukipeleka mkono anafoka na kudonoa, chini ya kifua manyoya ameyanyofoa ngozi inagusa mayai moja kwa moja, huyo ameshaingia. Mwilini mwake imepanda homoni inaitwa prolaktini, ndo inayomkalisha, na ndo inayosimamisha utagaji.

Tulimuandalia mahali jiko la nje la zamani, lina paa, giza kidogo, mlango unafungwa. Kasha la mbao, chini mchanga kidogo umeumbwa shimo la bakuli ili mayai yasiviringike pembeni, juu nyasi kavu zilizokatwakatwa. Maji upande mmoja, mahindi upande mwingine, sehemu ndogo ya kujimwagia vumbi lenye majivu. Kabla ya kumhamisha tulimkagua utitiri kwa tochi, chini ya mabawa na kuzunguka sehemu ya haja, tukampaka dawa ya unga kutoka duka la mifugo na kwenye kasha tukatandaza majivu laini chini ya nyasi. Naomba hili msilipuuze. Kuku anayeatamia amekaa sehemu moja yenye joto wiki tatu, kwa utitiri hiyo ni karamu, wananyonya damu usiku kucha na kuku mzuri kabisa anakimbia mayai siku ya 15 mtu anasema ana roho mbaya. Wengine wanafia palepale juu ya mayai.

Tulimhamisha usiku, amefunikwa khanga, bila kelele. Na mayai ya ukweli hatukumpa usiku huo. Tulimpa mayai manne ya dukani, yale ya kisasa yasiyo na mbegu, tukasubiri siku mbili tuone kama atatulia sehemu mpya. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni anazungukazunguka anataka kurudi bandani, shangazi akaanza kumhurumia, nikamwambia shangazi muache, funga mlango punguza mwanga. Mchana alikuwa amekaa. Jioni ya siku ya pili alipoguswa akafoka. Hapo sasa ndo tukaingiza mayai ya kweli, yote kwa pamoja jioni moja, tukatoa yale ya dukani.

Kwenye uchaguzi wa mayai shangazi alitaka kuweka 14, tukaweka 10. Yamekusanywa ndani ya siku saba, hayajaoshwa, hayana ufa, siyo makubwa kupita kiasi wala ya duara, sita ya kienyeji na manne ya chotara. Kuhusu hayo ya chotara niliweka wazi tangu mwanzo kwamba kifaranga wake hatakuwa kama mama yake, chotara ukizalisha tena ule uzuri wa ukuaji unapungua na wanatoka mchanganyiko, ila kwa kula nyumbani siyo mbaya. Jambo la utunzaji wa mayai kabla ya kulaliwa ukanda wetu wa Pwani ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri: joto la chumba likizidi nyuzi 25 hivi mbegu ndani ya yai inaanza kukua polepole bila mama, usiku inasimama, kesho inaanza tena, ukija kuliweka kwa kuku limeshachoka. Usiyaweke juu ya kabati jikoni. Shangazi aliyaweka kwenye beseni la mchanga uliolowanishwa kidogo chini, juu yake trei, chumba cha ndani chini sakafuni, ncha ikiangalia chini. Kila yai lilizungushiwa mstari wa penseli na tarehe. Mstari uzunguke yai zima ili ukichungulia uuone hata likiwa limegeuka, nukta moja haisaidii.

Siku zilizofuata kazi ya shangazi ilikuwa ndogo. Asubuhi anafungua mlango, Kishungi anashuka, anakula mahindi haraka haraka, anakunywa, anajimwagia vumbi, anatoa kile kinyesi kikubwa cha kuku anayeatamia ambacho harufu yake haielezeki, anarudi. Shangazi mara ya kwanza aliogopa akadhani ni ugonjwa. Siyo ugonjwa, amebana siku nzima asichafue kiota, ndo kinakuwa kikubwa na kinanuka hivyo. Kuna siku mbili hakushuka mwenyewe, ikabidi anyanyuliwe, na kumnyanyua kuna namna yake, unapitisha kwanza mkono chini ya mabawa kuhakikisha hajabana yai kwapani, maana ukimnyanyua ghafla yai linadondokea mengine na yanapasuka mawili kwa mpigo. Mahindi yanatosha kipindi hiki, hatagi, haitaji chakula cha kuku wa mayai.

Siku ya 7 usiku tukapima kwa tochi ya simu, boksi la viatu limetobolewa tundu dogo, yai linakaa juu ya tundu na taa inawaka chini. Hiki kitu mtu akikiona mara ya kwanza anapenda kuku maisha yake yote. Yai zima limewaka rangi ya chungwa, ndani kuna doa jeusi na kutoka kwenye doa mishipa myekundu imesambaa kama mizizi ya mmea mchanga, na ukitulia bila kupumua unaona lile doa linachezacheza. Manane yalikuwa hivyo. Moja lilikuwa jeupe tupu, halina mbegu. Moja lilikuwa na duara la damu pembeni bila mishipa, hilo lilianza likafa. Tukatoa hayo mawili, na hapo ndo faida ya kupima, lile lililokufa lingekaa mpaka wiki ya tatu lingepasuka chini yake likapaka bakteria kwenye mazima. Siku ya 14 tukarudia, yote manane yamejaa giza, sehemu ya hewa imeongezeka juu. Kuanzia siku ya 18 mkono haukuingia tena pale, kifaranga anajigeuza kutafuta mkao wa kutokea na mama mwenyewe anapunguza kugeuza.

Katikati ya hapo likatokea la pembeni. Tetea mwingine wa kienyeji kule bandani naye akaanza kukaa ndoo ya katikati. Shangazi hakutaka wawili kwa mpigo, nafasi hana. Watu wana mbinu zao za kumkatisha kuku, wengine wanamzamisha kwenye maji, wengine wanamfunga mguu juani, mimi hizo sizikubali, ni mateso na hazina haja. Aliwekwa kwenye kizimba cha waya kimeinuliwa juu ya matofali, sakafu yenyewe waya, hewa inapita chini ya tumbo, chakula na maji vipo, hakuna nyasi hata kidogo. Tumbo likipoa na hana pa kujitandaza ile hamu inakatika. Siku ya nne alitolewa akaenda na wenzake moja kwa moja. Ila uwahi, ukimuacha alalie wiki mbili ndo ukumbuke kumkatisha inakuwa shughuli.

Siku ya 20 jioni shangazi akapiga simu, anasikia sauti ndani ya mayai na Kishungi anajibu kwa ile sauti ya chini chini. Siku ya 21 asubuhi mayai matano yana tundu. Mchana akapiga tena, kuna moja limetobolewa tangu alfajiri halijaendelea, amsaidie? Nikamsihi asiguse. Kutoka tundu la kwanza mpaka kutoka nje inaweza kupita nusu siku, hata siku nzima, na muda huo kifaranga anavuta damu iliyobaki kwenye mishipa ya ile ngozi na anamalizia kufyonza kiini, ukimmenya kabla unakata mishipa anatoka damu anakufa mkononi mwako. Yule alitoka mwenyewe usiku. Mpaka kesho yake asubuhi vifaranga saba, yai moja halikutoka, tulilipasua baadae tukakuta kamili kafa kwa kukaa vibaya, kichwa upande wa ncha. Inatokea hata kwenye mashine.

Saba kwenye kumi. Kuku yuleyule.

Sasa nusu ya pili ya kisa, ambayo ndo inamaliza vifaranga wengi kuliko hata mayai. Kawaida ya watu ni kumfungia mama na watoto peke yao miezi miwili mitatu "mpaka wakue", halafu siku moja wanafunguliwa wote kwenye kundi, mama ameshawachoka, ameshaanza kutaga, hawatetei tena, na kundi linawaona ni wageni, wanadonolewa mpaka wanajificha nyuma ya banda hawali. Mama mwenyewe akikaa mbali wiki nyingi bila kuonekana na wenzake anapoteza nafasi yake, akirudi anaanza kupiganishwa upya. Silaha uliyonayo ya kuwaingiza watoto kwenye kundi ni hasira ya mama yao, na hasira hiyo iko juu wiki za mwanzo. Itumie ikiwa kali.

Siku ya tatu tangu watotoke walihamishiwa kwenye kizimba cha waya kilichowekwa palepale uani, kundi linapita pembeni linawaona na kuwasikia, ila haliwafikii. Juu kimefunikwa nyavu kwasababu Pwani na Dar adui wa kwanza wa kifaranga mchana ni kunguru, wale weusi wenye shingo ya kijivu waliotoka India, wanakuja wawili, mmoja anamvuta mama upande huu mwenzake anabeba kifaranga upande ule. Kipanga naye yupo ila anaogopa kuta na watu, kunguru haogopi. Usiku wanarudi jiko la nje kwa ajili ya panya na nguchiro.

Chanjo ya mdondo, ugonjwa ambao wengine wanauita Newcastle, walipata humohumo kizimbani, ile ya I-2 ya tone la jicho, tone moja kila mmoja, na kundi zima likachanjwa siku hiyohiyo maana haina maana kuwachanja watoto halafu wakubwa wawaletee. Chanjo hii inavumilia joto kuliko nyingi na inatengenezwa hapohapo Kibaha kwenye taasisi ya chanjo ya TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, kwahiyo kwa mtu wa Kibaha sababu ya kuikosa sijui ni ipi. Kichupa kimoja ni cha kuku wengi, shangazi alichangishana na majirani watatu, ikawa nafuu na mtaa mzima umechanjwa. Inarudiwa kila miezi mitatu. Ndui walichanjwa baadae kwenye bawa.

Chakula hapa kina mtego. Vifaranga wanataka stata, yaani chakula cha kuanzia, yenye protini 18 mpaka 20 kwa mia, wakubwa walikuwa wanakula chakula cha kuku wa mayai ambacho kina kalsiamu nyingi kwa ajili ya gamba, na kalsiamu hiyo inaharibu figo za kifaranga. Wakichanganyika huwezi kumzuia kifaranga asile cha wakubwa. Suluhisho tulilochukua, kundi zima likahamishiwa kwenye chakula cha kukuzia kwa muda huo, na maganda ya konokono wa baharini yaliyotwangwa yakawekwa pembeni kwenye kopo lililoning'inizwa juu, anayetaga anakula anavyohitaji, vifaranga hawafiki. Maji kwenye sahani ya kina kifupi imejazwa kokoto, kifaranga wa siku chache anazama kwenye sufuria la kawaida, na usiku mmoja wa kulowana unatosha kumuua.

Mwanzoni mwa wiki ya pili jioni, saa kumi na moja, mlango wa kizimba ukafunguliwa. Jioni kwasababu kundi limeshiba na muda wa fujo ni mfupi kabla ya giza. Bosi wa banda ni Sasso mmoja mwekundu, mkubwa karibu mara mbili ya Kishungi. Alikuja moja kwa moja, akamdonoa kifaranga mmoja mgongoni, kifaranga akalia. Kishungi alikuwa hatua tatu nne mbali anachakura. Sikuona hata alivyoruka, niliona tu yuko juu ya mgongo wa Sasso, manyoya ya shingo yamesimama yote, anapiga kwa miguu na mabawa, Sasso akakimbilia chini ya mchungwa na Kishungi akamfuata mpaka huko. Shangazi alitaka kwenda kuamulia nikamshika mkono. Jogoo akaja katikati yao akasimama, ikaisha hapo. Siku mbili zilizofuata Sasso akiona vifaranga wanakuja anajisogeza mwenyewe, na bosi akijisogeza wengine wote wanafuata.

Tuliacha kona moja ya uani yenye kizimba cha fito zilizopishana upana wa vidole vinne hivi, vifaranga wanapenya kuingia kula, wakubwa hawapiti. Hiyo iliondoa ugomvi wa chakula wote.

Hasara ilikuwepo. Kifaranga mmoja alibebwa na kunguru wiki ya tatu, nyavu zilikuwa kizimbani tu na wao walishaanza kuzurura uani. Baada ya hapo shangazi alitandaza nyavu kuukuu za uvuvi kutoka kwenye banda hadi kwenye mchungwa, kunguru hawapendi kutua wasipoona njia ya kutokea. Wiki ya nne wawili wakaanza kuhara damu, maranda yalikuwa yamelowa karibu na maji, wakapewa amprolium, dawa ya kuhara damu, kwenye maji wote, maranda yakabadilishwa, wakapona.

Wapo watakaosema kuwaachia vifaranga mama mpaka wiki ya saba ni kupoteza mayai, bora uwanyang'anye mapema uwalee kwa taa, mama arudi kutaga. Kwa mwenye kuku wengi wa biashara nawaelewa, hesabu yao ni tofauti. Kwa banda la kuku kumi na moja ambapo umeme ukikatika usiku taa inazima na watoto wanajazana kona moja wanakufa kwa baridi na kukandamizana, mimi nachagua mama. Halafu nani atawaingiza kwenye kundi?

Kishungi alianza kuwaacha polepole wiki ya saba, usiku anapanda kwenye kichanja na wao wanalala chini kwenye maranda, wiki iliyofuata wakaanza kupanda naye. Kwa sasa wako sita, majogoo wawili na matetea wanne, wanakula sahani moja na Sasso, na Kishungi ametaga yai la kwanza kwenye ndoo ileile ya katikati. Shangazi ameshanunua penseli nyingine, na ameniambia safari hii nyavu za uani zitatangulia kabla ya mayai.